Sura ya Nne: Lafudhi za Nchi Isiyokuwapo

Oktoba 1999, mjini Wellington, New Zealand, mwongozaji Peter Jackson alianza kupiga filamu tatu kwa mkupuo mmoja, zote zikitokana na The Lord of the Rings, riwaya ya J.R.R. Tolkien. Waigizaji aliowakusanya walitoka karibu kila pembe inakosemwa Kiingereza. Elijah Wood alikuwa kijana wa Iowa. Sean Astin alikuwa mtu wa California. Billy Boyd alitoka Glasgow, Uskochi. Dominic Monaghan alizaliwa Berlin kwa wazazi Waingereza, kisha familia ikahamia Manchester. Wanne hawa walitakiwa kuwa wahobiti, watu wafupi wa mashambani, majirani waliojuana tangu utotoni. Idara ya maleba ingewavisha miguu ya bandia yenye manyoya, na kamera ingewafupisha kwa ujanja wake. Lakini wangefungua tu midomo, mtazamaji angejua papo hapo kwamba mmoja kashuka ndegeni kutoka Marekani na mwenzake kutoka Uskochi. Kijiji chote kingesambaratika.

Msomaji wa riwaya hapati taabu hiyo. Kitabu humwachia kila mtu aumbe sauti zake. Anayemsoma Frodo, hobiti mkuu wa riwaya hiyo, akiwa Moshi humsikia Frodo wa kichwani mwake, anayemsoma akiwa Muscat humsikia wa kwake, na hakuna anayemkosoa mwenziwe. Filamu haina uhuru huo. Ni lazima ichague sauti moja katika kinywa kimoja, na ikishachagua imewachagulia wote.

Ndiyo maana nashikilia kwamba katika kuipeleka fantasia kwenye skrini, uamuzi kuhusu jinsi watu wa nchi ile wanavyosema una uzito kuliko urefu wa mnara au rangi ya joka. Jicho la mtazamaji limezoea kudanganywa. Linajua kwamba joka ni la kompyuta, na linaridhika. Sikio ni gumu zaidi. Tangu utotoni tumelizoesha kumtambua mgeni na mwenyeji, tajiri na mtumishi, wa pwani na wa bara, kwa sentensi moja tu, na mazoea hayo hatuyavui mlangoni mwa jumba la sinema.

Tena kuna ugumu wa pili, ulio mkubwa kuliko wa kwanza. Nchi ya kufikirika haina lafudhi yake yenyewe, kwa sababu hakuna aliyewahi kuzaliwa humo. Kila lafudhi tunayoisikia ndani yake imeazimwa kwa watu halisi walio hai, na sauti yao haiji peke yake. Huja na historia yao, heshima yao na dharau walizowahi kutupiwa. Mwongozaji anayejua anachoazima huweza kujenga nchi ikasimama. Asiyejua hurudia dhuluma za zamani huku akidhani anaburudisha tu.

Mwanaisimu aliyetunga nchi

Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akapelekwa England akiwa na miaka mitatu. Kazi yake ya maisha ilikuwa lugha. Kuanzia 1925 alikuwa profesa wa Kiingereza cha kale katika Chuo Kikuu cha Oxford, na alieleza zaidi ya mara moja kwamba hakutunga lugha ili kuzipamba hadithi zake. Alitunga hadithi ili lugha zake zipate watu wa kuzisema. Quenya, lugha ya kale ya waelvi, watu wasiokufa wa hadithi hizo, aliijenga kwa kuvutiwa na Kifini. Sindarin, lugha yao ya kila siku, aliisukia sauti za Kiwelisi. Lugha ya wadwafu, wale mafundi wa chuma na mawe waishio chini ya milima, aliipa mizizi ya konsonanti tatu kama ilivyo katika Kiarabu na Kiebrania, mfumo uleule uliotuletea kitabu, katibu na maktaba kutoka mzizi mmoja.

Hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati ambayo Mwingereza hana. Irabu za lugha za waelvi karibu zote ni zetu, kila moja ikisimama safi bila kuteleza kuelekea nyingine. Tolkien aliandika dh kwa sauti ileile tunayoitamka katika dhahabu, na th kwa ile ya thelathini, kwa hiyo mlima Caradhras na nchi ya Ithilien haviupi ulimi wetu shida. Herufi r aliagiza itamkwe kila mahali, hata mwishoni mwa neno. Waingereza wa kusini huimeza r ya namna hiyo, na kwao jina Mordor, la nchi ya uovu, lingeishia kwenye irabu. Wakufunzi wa lafudhi wa Jackson, Andrew Jack na Roisin Carty, waliwazoesha waigizaji kuitoa kwa ncha ya ulimi, kwa kimadende. Msikilize Ian McKellen, katika nafasi ya mchawi Gandalf, akilitaja jina hilo: utazihesabu r zote mbili, na utahisi kwamba mtu huyu amekaa miaka mingi miongoni mwa watu wanaolitamka hivyo.

Pale ambapo vitabu vya Tolkien havikuacha sentensi za kutosha, David Salo, Mmarekani aliyezichunguza lugha hizo kwa kina, alitunga mpya kwa kufuata sarufi yake. Viggo Mortensen, aliyemwigiza Aragorn, alikuwa na asili ya Denmark, alikulia kwa sehemu Argentina, na alizoea kuishi kati ya lugha kadhaa. Yeye mwenyewe aliomba mhusika wake aongezewe mazungumzo ya Kielvi. Ombi hilo lilikuwa na maana. Aragorn ni binadamu aliyelelewa na waelvi, na mtu aliyelelewa ugenini huonyesha malezi yake pale anapohama lugha bila kujitambua, kwa faragha, mbele ya anayempenda.

Tolkien alifanya jambo jingine la ajabu: alijifanya mfasiri. Katika nyongeza za riwaya yake, zilizotoka 1955, anaeleza kwamba lugha ya kawaida ya watu wake ameigeuza kuwa Kiingereza. Lugha ya Rohan, nchi ya wapanda farasi, ilikuwa na undugu wa mbali na lugha hiyo ya kawaida, kwa hiyo ameiwakilisha kwa Kiingereza cha kale ili msomaji auhisi undugu wenyewe. Jackson aliiheshimu hesabu hiyo. Katika toleo refu la filamu ya pili, Éowyn, anayeigizwa na Miranda Otto, anamwombolezea binamu yake kaburini kwa Kiingereza cha kale. Watazamaji wengi hawakuelewa hata neno moja, lakini walielewa kwamba nchi hii ina mababu.

Hata hivyo, masikio ya Tolkien nayo yalikuwa na mapendeleo yake. Lugha ya Mordor, makao ya uovu, aliijaza sauti za kukwaruza, na miongoni mwazo ni gh, ileile ya ghali na ghorofa. Kwake ilifaa giza. Kwetu ni sauti ya bei sokoni na ya nyumba mjini. Hakuna sauti iliyozaliwa na uovu. Uovu tunaubandika sisi, na tukishaubandika huwa vigumu kuubandua. Jambo hili nitalirudia.

Mtunza bustani na bwana wake

Shire, nchi ya wahobiti, Tolkien aliifananisha na kijiji cha Warwickshire cha mwishoni mwa karne ya 19. Alipokuwa mtoto aliishi Sarehole, kando ya Birmingham, na mashamba yale hayakumtoka moyoni. Shire ni nchi ya amani, lakini ina matabaka. Frodo ni mrithi wa nyumba kubwa, amesomeshwa na mjomba wake Bilbo. Sam ni mtunza bustani wake, mwana wa mtunza bustani. Katika kitabu tofauti hiyo imo katika sarufi: Sam husema kama mtu wa shamba, na humwita Frodo bwana hadi mwisho.

Filamu iliihamishia tofauti hiyo kwenye lafudhi. Elijah Wood, aliyemwigiza Frodo, alifundishwa matamshi ya wasomi wa England. Sean Astin, aliyemwigiza Sam, alipewa lafudhi ya mashamba ya magharibi mwa nchi hiyo, yenye r nzito na irabu zinazojitanua. Mtazamaji Mwingereza hakuhitaji kuelezwa nani mwajiri na nani mwajiriwa. Alijua kabla sentensi haijaisha.

Uamuzi huo ungeweza kuharibu kila kitu. Kwa muda mrefu jukwaa la England lilitumia lafudhi ya magharibi kumchekesha mtazamaji: ni lafudhi ya mjinga wa shambani, mtu mwema asiyejua dunia. Kumpa Sam sauti hiyo kulikuwa kumweka karibu kabisa na dhihaka. Kilichomwokoa ni kwamba Jackson na waandishi wenzake, Fran Walsh na Philippa Boyens, walimwekea kinywani maneno mazito kuliko ya mtu mwingine yeyote. Ni Sam anayesema mwishoni mwa filamu ya pili kwa nini inafaa kuendelea kupigana. Ni Sam anayembeba Frodo mgongoni kwenye mteremko wa mlima wa moto. Anayasema na kuyatenda hayo yote kwa lafudhi ileile ya bustanini, bila kuisafisha hata kidogo ili aonekane shujaa. Hakuna anayecheka.

Naamini huu ndio uaminifu mkubwa kuliko wote katika filamu zile. Tolkien alikuwa ofisa katika kikosi cha Lancashire Fusiliers na alipigana Somme mwaka 1916. Baadaye alisema kwamba Sam alitokana na askari wa kawaida na watumishi wa maofisa aliowajua vitani, watu aliowaona kuwa bora kuliko yeye. Askari hao hawakusema Kiingereza cha Oxford. Filamu ilipompa Sam sauti ya watu wa chini na kumwachia nayo heshima yote, ilitimiza nia iliyokuwa chini ya kitabu tangu mwanzo.

Kwa Billy Boyd mambo yalikwenda vingine. Alimwigiza Pippin, hobiti mdogo na mtundu, na mpango ulikuwa aseme kama mtu wa England. Jackson akabaini kwamba Boyd akiiacha lafudhi yake ya Kiskochi, anapoteza ule wepesi wa kuliangusha neno la kuchekesha kwa wakati wake. Wakamrudishia lafudhi yake, kisha wakatafuta sababu ndani ya kitabu: ukoo wa Pippin unaishi sehemu ya Shire yenye vilima, na watu wa vilimani huweza kusema tofauti na wa bondeni. Ni maelezo yaliyokuja baada ya tendo, lakini yana ukweli wa maisha. Kijiji kisicho na koo wala mitaa, ambacho kila mtu anatamka sawasawa na jirani yake, hakijawahi kuwapo duniani.

Ukoo huo wa sauti unasikika pia Gondor, nchi ya binadamu. Sean Bean, mtu wa Sheffield, alimwigiza Boromir, shujaa wa nchi hiyo, akiwa na mnato wa kaskazini mwa England katika usemi wake. Boromir anakufa katika filamu ya kwanza. Katika ya pili anatokea mdogo wake Faramir, anayeigizwa na Mwaustralia David Wenham, naye anasema kwa matamshi yaliyosogezwa karibu na ya Bean. Mtazamaji hajaelezwa bado kwamba hawa ni ndugu, lakini sikio lake limekwisha kuanza kushuku.

Koo la Gollum

Kama kuna sauti moja iliyobadilisha historia ya filamu za namna hii, ni ya Gollum. Kiumbe huyu aliwahi kuwa mtu wa kawaida aliyeitwa Sméagol. Pete ya uovu ikamla kwa mamia ya miaka hadi akabaki mifupa na tamaa. Tolkien alimpa jina hilo kutokana na mlio wa kumeza unaomtoka kooni, na hapo tayari mhusika amezaliwa kwa sauti kabla ya umbo. Mwaka 1952, nyumbani kwa rafiki yake George Sayer huko Malvern, Tolkien mwenyewe alijirekodi kwenye mashine ya kanda akisoma vipande vya vitabu vyake, na akamwigiza Gollum kwa mnong'ono wa kuteleza unaoonyesha kwamba alikuwa akimsikia waziwazi.

Andy Serkis aliitwa kwa kazi ya wiki chache tu. Alitakiwa kutoa sauti, na wahuishaji wa kompyuta watengeneze mwili. Akiwa anaitafuta sauti hiyo alimtazama paka wake akikohoa manyoya yaliyomkwama kooni, mwili mzima ukijikunja kuanzia mgongoni hadi kwenye ulimi. Hapo akapata ufunguo: Gollum hasemi kwa kinywa, husema kwa maumivu yaliyokaa kooni. Lakini sauti ya namna hiyo haiwezi kutolewa mtu akiwa amekaa kitini. Serkis alilazimika kutambaa, kujikunja na kunyoosha shingo ili itoke, na Jackson alipoyaona hayo, kazi ya sauti ikageuka kuwa uigizaji kamili, mwili wa Serkis ukawa msingi wa mwili wa Gollum. Ili koo lisichanike, alikunywa mchanganyiko wa asali, limau na tangawizi siku nzima.

Tunda la kazi hiyo ni tukio la filamu ya pili, lililoongozwa na Fran Walsh, ambapo Gollum na Sméagol wanabishana ndani ya mwili mmoja. Mmoja anasema kutoka chini ya koo, kwa kukwaruza. Mwingine anasema kwa sauti nyembamba ya puani, ya mtoto anayeomba asipigwe. Kamera inasaidia kwa kubadilisha upande, lakini ukifumba macho bado utawatambua wawili. Maelezo marefu ya kitabu kuhusu nafsi iliyogawanyika yamewekwa yote katika umbali kati ya koo na pua. Hivi ndivyo sauti inavyofanya kazi ya kurasa nzima.

Sauti zenye nasaba

Waigizaji wengine walizitafuta sauti zao kwa nasaba. McKellen alizisikiliza kanda za Tolkien na kumjenga Gandalf juu ya usemi wa mzee huyo, namna anavyolivuta neno, namna anavyoharakisha kana kwamba wazo limemtangulia mdomo. Kwa hiyo mchawi anapowaelekeza wahobiti, kuna chembe ya muumba wao ndani yake. Ian Holm, anayemwigiza Bilbo mzee, alikuwa amemwigiza Frodo katika mchezo wa redio wa BBC mwaka 1981. Waingereza waliokuwa wameusikiliza walimsikia Frodo wao akiwa amezeeka.

Nasaba moja inapita kwetu. John Rhys-Davies, mtoto wa wazazi Wawelisi, aliishi sehemu ya utoto wake Tanganyika, ambako baba yake alifanya kazi katika utawala wa kikoloni. Huyo ndiye Gimli, mdwafu wa shoka na ndevu. Ndiye pia sauti ya Treebeard, mti mkongwe unaotembea na kusema. Tolkien alipomwandika Treebeard aliazima mngurumo wa rafiki yake C.S. Lewis, mtu aliyejulikana kwa sauti ya kujaza ukumbi. Mafundi wa filamu waliipitisha sauti ya Rhys-Davies kwenye chombo cha mbao ili itoke na mwangwi wa shina lililo wazi ndani. Ukiisikiliza hutafikiri kuhusu mashine. Utafikiri kuhusu umri.

Hata umati ulihitaji lugha. Mwaka 2002, wakati wa mechi ya kriketi kati ya New Zealand na England huko Wellington, Jackson alisimama uwanjani akawaomba maelfu ya watazamaji wapige kelele kwa lugha ya Mordor, maneno yakiwa yameandikwa kwenye skrini kubwa. Kelele hizo zikawa sauti ya jeshi linaloizingira ngome ya Helm's Deep. Na mayowe ya Nazgûl, wale wapanda farasi weusi wanaowafanya watu wazima wajikunyate, yalitoka kooni mwa Fran Walsh. Nguvu zote mbili, ya umati na ya hofu, zimetoka kwenye pumzi za watu.

Deni la aliyeazima

Sasa nirudi kwenye nililoliahidi. Maorki, askari wa uovu, wanasema kwa lafudhi inayotuelekeza London mashariki, kwa wabeba mizigo na wachuuzi, lafudhi inayoitwa Cockney. Tolkien alikwisha kuitumia: katika The Hobbit, kitabu cha 1937, mazimwi matatu yanayotaka kuwala wadwafu yanasema hivyo. Waelvi, wazuri na wasiokufa, wanasema kama wasomi. Kwa mtazamaji wa nje ya Uingereza huenda haya yakapita bila kuguswa. Kwa mtoto aliyekulia mitaa hiyo ya London, filamu inamwambia kwamba sauti ya mama yake ndiyo sauti ya wala watu.

Hili si kosa la filamu moja. Mwaka 1997 mwanaisimu Rosina Lippi-Green alichapisha uchunguzi wake kuhusu filamu za katuni za Disney. Alionyesha kwamba wahusika wenye lafudhi za kigeni walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wabaya kuliko wale wanaosema Kiingereza cha kawaida cha Marekani au cha Uingereza. Watoto wanaoziangalia filamu hizo hawafundishwi chuki kwa maneno. Wanaipata kupitia masikio, huku wakicheka na kula bisi.

Fantasia ina hatari ya ziada kwa sababu mazoea yake hurithiwa bila kuulizwa. Wadwafu wa Tolkien waliundiwa lugha yenye umbo la Kiebrania na Kiarabu. Leo, wadwafu wengi wa filamu na wa michezo ya kompyuta husema Kiingereza cha Uskochi. Mazoea hayo yalianza zamani: mwandishi Poul Anderson alikwisha kumpa mdwafu usemi wa Kiskochi katika Three Hearts and Three Lions, kitabu cha 1961. Filamu tatu za The Hobbit, za 2012 hadi 2014, zilijaribu kuyapa mazoea hayo sababu. Balin na Dwalin ni ndugu, nao wakaigizwa na Waskochi wawili, Ken Stott na Graham McTavish. Bofur akawa na lafudhi ya Ireland Kaskazini ya James Nesbitt. Hapo lafudhi inaonyesha ukoo, na kila sauti iko kinywani mwa mwenyewe.

Sio kila mara inakuwa hivyo. Mfululizo wa televisheni wa The Rings of Power, ulioanza 2022 nao ukitokana na Tolkien, ulionyesha watu wadogo wanaohamahama na mikokoteni, wachafu wa matope, wakisema kwa lafudhi za Kiairishi. Huko Ireland wakosoaji walikasirika, na walikuwa na haki. Kwa karne nyingi Waairishi walichorwa na majirani wao wenye nguvu kuwa ndivyo walivyo: maskini wachangamfu, wasio na makao, wasiopenda maji. Waundaji wa mfululizo huenda walitafuta tu sauti ya kijijini yenye joto. Lakini sauti haikuja peke yake. Nguo ya kuazima haistiri matako, na hapa ilimwacha uchi si aliyeazima, bali mwenye nguo.

Kipimo ninachopendekeza ni chepesi kukitaja na kigumu kukitimiza. Tusiulize kama lafudhi fulani imetumika kwa mtu wa chini. Tuulize kama mtu huyo amepewa jambo la maana la kusema kwayo. Sam na maorki wote wana lafudhi zilizodharauliwa. Sam amepewa ushujaa, huzuni, mapenzi na neno la mwisho la hadithi nzima. Maorki wamepewa njaa tu.

Sauti za Liyongo

Sisi nasi tumekuwa tukizivisha filamu za wageni sauti zetu. Dar es Salaam, msimulizi Lufufu alizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na watu wakajaa kwenye vibanda vya video kumsikiliza yeye kama walivyokwenda kuitazama picha. Kenya, DJ Afro alifanya vivyo hivyo kwa Kiswahili cha mtaani. Mtu mmoja anabeba wahusika wote, anapandisha sauti kwa huyu, anaishusha kwa yule, na hadhira haipotei. Masikio yetu yako tayari kwa kazi kubwa zaidi.

Kazi hiyo ipo. Tuchukue kisa cha Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa Pate, ambaye Muhammad Kijumwa aliutunga utenzi wake mwaka 1913. Kina kila kitu ambacho fantasia inakitaka: jitu lisiloshindwa kwa silaha isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, mfalme mwenye husuda, mwana anayemsaliti baba. Atakayekifanya filamu atakutana na swali lilelile alilokutana nalo Jackson kule Wellington. Liyongo akisema Kiswahili sanifu cha taarifa ya habari, Pate itatoweka. Akisema Kiamu au Kipate, watazamaji wa Mwanza, Bujumbura na Lubumbashi watahitaji kusaidiwa, na nadhani watakubali kusaidiwa, kama watazamaji wa Éowyn walivyokubali maombolezo wasiyoyaelewa.

Lakini swali zito ni la Saada. Liyongo akiwa gerezani, kijakazi huyu ndiye anayemletea chakula, ndiye anayebeba ujumbe uliofichwa ndani ya wimbo hadi kwa mama yake Liyongo, ndiye anayerudi na mkate wa wishwa wenye tupa ndani, mkate ambao walinzi wanaudharau na kumwachia mfungwa. Bila Saada hakuna kutoroka wala hakuna utenzi. Je, atasema vipi? Katika vichekesho vyetu tumezoea kumpa mtumishi wa nyumbani, mlinzi wa getini na mgeni kutoka bara lafudhi ya kuchekewa, r ikiwa l na dh ikiwa z, na ukumbi ukiangua kicheko kabla hajasema la maana. Tukimfanyia Saada hivyo, tutakuwa tumemdharau kama walinzi walivyoudharau mkate wake, na tutakuwa tumekosa kilichomo ndani.

Mpeni lafudhi ya mahali alikotoka, bara au kisiwa, na msiisafishe. Mtafutieni mwigizaji aliyezaliwa nayo, kisha mwandikieni maneno yanayostahili mtu aliyeiokoa roho ya shujaa. Mtoto wa Tabora au wa Bukavu atakapoketi mbele ya skrini na kumsikia mtu mkubwa wa hadithi akisema kama bibi yake, nchi ile isiyokuwapo itakuwa imepata raia wake wa kwanza.